Shangazi wa Vitabu anajibu: "Nilishaapa, sasa kitabu cha mwisho kiko mezani"

Safari hii barua ni chache maana ya kwanza ni ndefu na jibu lake nimeshindwa kulifupisha, nimejaribu mara mbili likazidi kurefuka. Mliouliza kuhusu kamusi na vitabu vya watoto vumilieni, zamu yenu inakuja.

Shikamoo Shangazi. Nina kesi na kitabu na sina wa kumwambia, nikimwambia kaka ndo nimeshindwa. Ni hivi, nilianza kusoma Wheel of Time, ile sirizi ndefu ya Robert Jordan, nikiwa bado niko shule, cha kwanza kaka aliniazima kwa masharti kibao, nikakimaliza siku mbili, na kuanzia hapo mpaka cha sita nilikuwa siambiliki, mtu akinisemesha nasoma naweza kumnunia hadi kesho yake. Kuanzia cha saba huko mambo yakaanza kwenda polepole, cha nane Mat haonekani kabisa (stelingi ni Rand najua, ila stelingi wangu mimi ni Mat), cha tisa mwishoni kikachangamka nikasema haya tumerudi, afu nikashika cha kumi. Shangazi, cha kumi! Watu wanaoga, wanakunywa chai, wanapanga safari na safari yenyewe hawaendi, Perrin anamtafuta mkewe toka mwisho wa cha nane na bado hajampata. Nikakifunga nikaapa mbele ya kaka kwamba mimi na hawa watu basi. Baadae nikasikia mwandishi kafariki, nilisikitika kweli, na nikasikia kuna mwingine kamalizia, nikasema ndo kabisa, hadithi ya mtu haimaliziwi na mtu mwingine.

Miaka imepita. Sasa juzi kaka katoa cha mwisho kwenye rafu yake, A Memory of Light, kakiweka mezani. Hajasema kitu. Anapita anakiangalia, ananiangalia, anaenda zake. Cha kumi na moja mpaka cha kumi na tatu sijavigusa, majina nimesahau zaidi ya nusu, na kiapo ninacho. Nisome au niache? Na huyu mwandishi wa pili kaharibu au watu wanaongea tu? – Niliyeapa

Marahaba mpwa wangu. Kwanza huyo kaka yako ni mtu hatari, mtu anayejua kunyamaza namna hiyo usicheze nae karata.

Hicho kitabu cha kumi na mimi kilinitoa, tena palepale ulipotokea wewe. Mimi nilikuwa na tabia ya kuandika majina kwa penseli ndani ya kava la nyuma, kila mtu akiingia kwenye hadithi namwandika na neno moja pembeni, akifa namwekea msalaba, akifa nisipoamini namwekea alama ya kuuliza. Thom yule mwimbaji nilimwekea msalaba kwenye kitabu cha kwanza kabisa, kitabu cha pili huyu hapa anapumua, nikaufuta ule msalaba mpaka karatasi ikachubuka, na kuanzia siku hiyo nikawa siweki msalaba bila kuona maiti. Basi hiyo orodha ilijaa kava moja, ikahamia la kitabu kingine, ikajaa na hilo, na jina la mwisho nililoandika nikiwa kwenye cha kumi pembeni yake nimeandika "huyu tena nani". Sikuandika kingine. Hiyo sirizi ina watu wenye majina zaidi ya 2,000 mpwa wangu, ukiona umesahau nusu jua wewe una akili nzuri tu.

Nimekuja kuelewa baadae kwamba tatizo la cha kumi halikuwa uvivu wa kuandika, lilikuwa mpangilio. Cha tisa kilitoka 2000 na kikaishia kwenye lile tukio kubwa la Rand unalolikumbuka, cha kumi kikatoka 2003, na sehemu kubwa ya kitabu inarudi nyuma kukuonyesha wengine wote walikuwa wapi na wanafanya nini wakati tukio lile linatokea. Yaani umengoja miaka zaidi ya miwili kujua kilichofuata, unakuja kupewa kilichokuwa kinaendelea jirani. Anayesoma leo vyote vikiwa vimeshatoka anapita hapo kwa wiki moja analalamika kidogo anaendelea, ila sisi tuliosoma kwa kungoja tulimeza ile subira yote na kitabu kikawa chungu maradufu. Kwa hiyo hasira yako ina haki yake, ila nusu ya hasira ile ni ya kungoja, na kungoja kumekwisha siku nyingi.

Sasa hapa ndo penye jambo lenyewe, na ndo sababu nakwambia soma.

Wewe hukuchoshwa na hadithi, ulichoshwa na milango. Vitabu vya katikati kwenye sirizi ndefu kazi yake ni kufungua milango, huyu kaenda mji ule, yule kaolewa, kuna jeshi jipya limetoka ng'ambo, kuna malkia ana madai yake, kila mlango ukifunguliwa na wewe msomaji unatakiwa usimame pale uushike usijifunge, na ukishashika milango thelathini mikono inauma unaona bora uache. Kitabu cha mwisho hakina ruhusa hiyo. Hata mwandishi akitaka kufungua mlango mpya hana pa kuupeleka, kurasa zinaisha. Kwa hiyo kile kilichokufukuza kwenye cha kumi ni kitu ambacho kitabu cha mwisho chenyewe kimeumbwa hakiwezi kukifanya, kinaweza kukuudhi kwa mengine na kitakuudhi, lakini sio kwa hilo. Mimi hili nililijua baada ya kusoma, kabla ya hapo nilikuwa na msimamo kama wako na niliutetea kwa kelele.

Kuhusu huyo wa pili. Jordan mwenyewe aliandika mpaka cha 11, kilitoka 2005, na humo mambo yanatembea, hata hiyo kesi ya mke wa Perrin inafika mwisho (mwisho gani sikwambii). Mwaka uliofuata akatangaza kwamba anaumwa, ugonjwa wa damu ulioshambulia moyo, na Septemba 2007 akafariki. Alichofanya katikati ya hapo ndo kinachonigusa mimi, alijua huenda hamalizi, akaacha noti, akaisimulia familia yake sehemu alizoziona kichwani, na ukurasa wa mwisho wa hadithi nzima aliuandika kwa mkono wake. Mkewe, Harriet McDougal, ndiye aliyekuwa mhariri wake toka kitabu cha kwanza mwaka 1990, na ndiye aliyemchagua Brandon Sanderson baada ya kusoma maneno aliyoandika kumuaga marehemu, kijana aliyeanza kuisoma hiyo sirizi akiwa na umri kama wako wakati ule. Jordan alikuwa ameahidi kitabu kimoja tu cha kumalizia hata kiwe kinene namna gani, Sanderson alipokaa na zile noti kikawa vitatu, 2009, 2010, na hicho kilichopo mezani kwenu Januari 2013. Kwa hiyo usiseme hadithi ya mtu imemaliziwa na mtu baki, mhariri ni yuleyule, ramani ni ya Jordan, na maneno ya mwisho ni yake.

Kaharibu? Kuna mahali unasikia mkono mwingine, siwezi kukudanganya. Mat wako kwenye cha kumi na mbili sio Mat, anachekesha kama mtu aliyeambiwa chekesha, mimi nilikuwa nasoma huku nimekunja uso. Cha kumi na tatu anarudi rudi, cha mwisho nilimsamehe. Sanderson sentensi zake ni fupi, nguo na mapazia hana habari nazo, watu wanaongea kwa haraka kidogo kama wanawahi gari. Kuna waliochukia. Mimi baada ya cha kumi ile haraka niliiona kama maji ya kunywa.

Sasa nikuonyeshe nilivyosoma cha mwisho. Unakumbuka kila kitabu kwenye hiyo sirizi sura ya kwanza inaanza na upepo? Kuna upepo umeinuka mahali fulani, unashuka milima, unapita juu ya mashamba na mahema mpaka unamkuta mtu ndo hadithi inaanza. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikapita utangulizi, ambao ni mrefu na wenyewe, nikafika sura ya kwanza, nikakuta upepo uleule. Nikaweka kitabu chini nikaenda kunywa maji. Sikuwa nimejiandaa, yaani unaweza kuapa na kuzira na kusema maneno makali mbele ya watu, afu upepo tu wa kwenye karatasi unakuvunja.

Halafu kuna sura inaitwa The Last Battle, ya 37. Hakuna aliyenionya nami nakuonya. Nilifika pale usiku, nikasema ngoja nimalizie sura hii moja nilale. Sura ile ni karibu kurasa 200. Sura moja! Inaruka kutoka kwa mtu huyu kwenda kwa yule, kurasa mbili huku, nusu ukurasa kule, wengine unawapata kwa aya moja tu na kwenye aya hiyohiyo ndo wanakufa. Nilikuwa nafunua kurasa za mbele kuangalia inaishia wapi, siuoni mwisho, narudi naendelea. Sikulala. Orodha yangu ya penseli niliichukua katikati ya usiku nikawa naweka misalaba, na safari hii nilikuwa naweka bila kubisha, na yule niliyemwandika "huyu tena nani" nilipofika zamu yake nikajikuta namjua kwao, namjua farasi wake, na nikalia.

Sio kwamba kitabu hakina makosa. Vita ni vingi mno mpaka kuna wakati unataka mtu aoge kidogo, na nisingedhani nitaisema hiyo sentensi. Kuna adui mmoja tumemfuata toka mwanzo kabisa anaondolewa haraka haraka kama inzi. Na ukurasa wa mwisho kuna jambo dogo la kiko cha tumbaku, ukifika utaliona, halielezwi na watu wanabishana nalo mpaka leo, mimi nina maelezo yangu na ukiniandikia baada ya kumaliza ntakupa.

Namna ya kurudi, usianze upya toka cha kwanza, jumla ni vitabu 14 na maneno zaidi ya milioni 4, ukianza upya utafika palepale cha kumi ukiwa umechoka vilevile na utaapa kiapo cha pili. Na usiruke kwenda moja kwa moja kwenye cha mwisho, utakuwa kama mtu aliyefika msibani hajui nani kafa. Tafuta muhtasari wa cha tisa na cha kumi, usome jioni moja, afu shika cha kumi na moja. Cha kumi usikiguse, mwachie mwenyewe. Kurasa hamsini za mwanzo utakuwa unauliza huyu nani na yule nani, usisimame kutafuta, endelea tu, wa muhimu watarudi wenyewe. Kama macho hayataki, vipo vya kusikiliza, vinasomwa na watu wawili mwanamke na mwanaume, unasikiliza huku unafua.

Kuhusu kiapo, kwa unavyosema uliapa ukiwa umeshika cha kumi. Cha kumi hukirudii. Kiapo kiko salama.

Shangazi habari za kazi. Nimemaliza sirizi ya vitabu vitatu, siitaji nisije nikawaharibia wengine, ila sura ya mwisho kabisa imenikera mno, stelingi alikuwa ameshashinda, ningefurahi, wakaongeza kurasa za miaka ishirini baadae watu wana vitambi na watoto wenye majina ya marehemu. Je inaruhusiwa nijifanye sikuisoma? – Nimekereka

Nzuri, nashukuru. Inaruhusiwa, na kuna mwandishi mkubwa kabisa aliyekupa ruhusa hiyo kwenye kitabu chenyewe. Stephen King alipomalizia The Dark Tower mwaka 2004, cha saba, sirizi aliyoanza kuitoa 1982, kabla ya kipande cha mwisho kabisa alisimama akaongea na msomaji uso kwa uso, akamwambia kwa upole hapa panatosha, bora uishie hapa. Kila ninayemjua hakuishia hapo. Na wengi walikasirika, na alikuwa ameshawaambia!

Ila nikuulize swali, ni kurasa ndo zilikukera au ni vile hukutaka kuona wamezeeka? Maana haya mambo ya kuendelea baada ya ushindi sio mapya, kwenye The Return of the King ya Tolkien ya 1955 ile pete inaangamia sura ya tatu ya sehemu ya mwisho, na sehemu hiyo ina sura tisa. Sura sita nzima baada ya ushindi! Watu wanaagana, wanarudi kwao, wanakuta kwao kumeharibika inabidi wapigane tena vita vidogo vya nyumbani, ndo waondoke. Nilipokuwa mdogo niliziruka. Sasa hivi ndo sura ninazorudia, hizo vita kubwa naziruka. Kwa hiyo hiyo sura yako usiichane, ikunje tu ukurasa uiache.

Shangazi, nianze kusoma A Song of Ice and Fire, ile sirizi ya George R. R. Martin, au nisubiri amalize? – Mwenye Subira

Cha kwanza kilitoka 1996, cha tano 2011, cha sita mpaka naandika hapa bado. Ukisubiri utasubiri na sisi tuliosoma, tofauti sisi tuna cha kuongea tukiwa kwenye foleni. Anza.

Shikamoo Shangazi. Nilishamaliza Earthsea ya Ursula Le Guin, nikalia, nikaaga, afu naambiwa kuna kingine. Machozi yangu nifanyeje? – Niliyeaga Mapema

Marahaba. Wewe hukuwa na kosa, kitabu cha nne cha 1990 kiliandikwa kabisa kwenye kava kwamba ni cha mwisho cha Earthsea. Mwaka 2001 vikaja viwili vingine, na mama wa watu kwenye utangulizi wa kimojawapo akajicheka mwenyewe kwa kuliandika lile neno. Soma The Other Wind, ndo cha kufunga kweli. Machozi ya kwanza yalikuwa arubuni.

Shangazi, mimi ni kaka mtu. Nimejua mdogo wangu kakuandikia maana kaacha rasimu ya barua mezani juu ya kitabu chenyewe. Nakuuliza jambo moja tu. Jana nimeangalia rafu yangu, A Memory of Light bado kiko mezani hakijaguswa, ila kwenye rafu kuna pengo, cha kumi na moja hakipo. Sijauliza. Nimuulize? – Kaka Mtu

Yaani mimi nimekaa nimeandika yote yale na kumbe mtu ameshaanza! Usimuulize chochote, ukimuuliza atakirudisha kwa aibu. Cha kumi na mbili kisogeze mbele kidogo kwenye rafu, kitokeze kuliko vingine, na wewe uwe na safari ya dukani.